Umefika?

Ujumbe huu unaujua. Mmeachana na mtu stejini saa nne usiku, yeye amepanda ya Rongai, wewe ya Zimmerman, na kabla hujamaliza kuvua viatu simu inalia: Umefika? Unajibu "nimefika," ama unatuma kidole gumba tu, na mambo yanaishia hapo. Kesho yake hakuna anayekumbuka nani alimuuliza nani.

Kwa karibu miezi saba, mwaka juzi, sikuwa nikijibu huo ujumbe. Sikuwa mgonjwa na sikuwa nimeibiwa simu. Niliufungua, nikaacha tiki zigeuke buluu, nikaweka simu chini ya mto. Nataka kuandika kuhusu hiyo miezi kwa sababu imeniachia swali ambalo naona watu wa umri wangu tunalikwepa. Tunajua sana kumsifu mtu anayejali wengine. Lakini yule anayejaliwa, yeye ana wajibu gani? Ama kazi yake ni kukaa tu hapo kama mtungi chini ya mfereji?

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Sababu ya kuambia watu ni karo, na ni kweli kulikuwa na deni. Sababu ya pili ni kwamba nilikuwa nimeacha kuingia darasani muda mrefu kabla hilo deni halijanifukuza, na hiyo nilikaa nayo peke yangu. Nyumbani Bungoma, mamangu alijua niko chuo. Kila baada ya wiki kadhaa alinitumia mzigo kwa basi: gunia dogo lililoshonwa mdomo kwa uzi wa manila, ndani unga wa mahindi ya shamba, maharagwe, na njugu za kukaanga kwenye kopo la mafuta ya kupikia lililooshwa vizuri. Juu ya gunia, kwa kalamu ya maka, aliandika jina langu, namba ya simu, na chini yake kwa herufi kubwa: MWANAFUNZI. Sijui kwa nini. Labda alidhani makarani wa basi wataona haya kuiba cha mwanafunzi. Labda alipenda tu kuliandika hilo neno.

Gunia la kwanza baada ya kuacha chuo nililichukua siku hiyo hiyo. La pili lililala kwa ofisi ya basi siku nne, na nikalipishwa pesa ya kuwekewa. Njaa nilikuwa nayo, msidhani. Nilikuwa nikiishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani kazi zao za chuo, kazi ambayo vijana wengi hapa Nairobi tunaijua hata kama hatuisemi mbele ya wazazi, na kuna wiki malipo hayakuja. Lakini kila nilipofungua lile gunia niliona ni kama nafungua barua ya mtu mwingine. Chakula kilikuwa cha mwanafunzi, na mwanafunzi hakuwepo tena.

Kiswahili kina neno zuri sana ambalo tumelizoea hadi hatulisikii: kumjulia mtu hali. Si kumuuliza hali. Kuuliza ni kazi ya mdomo, na ukishauliza umemaliza. Kumjulia mtu hali ni lazima mwishowe ujue, na huwezi kujua kama mwenyewe hajasema, ama hajakubali uone. Sasa sikiliza vile tunasalimiana huku. Niaje? Poa. Mambo? Fiti. Uko aje? Niko sawa. Hizo ni salamu, na mimi sizidharau, lakini ni salamu zenye komeo. Unaweza kusalimiana na mtu hivyo miaka miwili, mnagawana ukuta, na siku akihama na godoro kichwani ndiyo unajua alikuwa na shida ya kodi.

Huwa tunamlaumu anayeuliza. Eti watu wa Nairobi hawajali, watu wanauliza tu kwa mazoea. Inawezekana. Lakini mimi nilikuwa upande ule mwingine, upande wa kujibu, na najua ni nani alikuwa akiweka komeo.

Hata kwa chakula ni hivyo. "Karibu chakula." "Asante, nimeshiba." Kijijini, "nimeshiba" ya kwanza ni adabu tu na mwenye nyumba anajua. Atakukaribisha tena, na mara ya tatu utanawa mikono. Huku mjini "nimeshiba" ya kwanza ndiyo ya mwisho, kwa sababu mwenzako anaogopa kukulazimisha na wewe unaogopa kuonekana una njaa. Nimewahi kusema nimeshiba na tumbo likanguruma papo hapo. Tulijifanya hatujasikia, sote wawili.

Naishi kwenye ploti ya vyumba vya mtu mmoja mmoja, ghorofa ya tatu. Maji huja mara mbili kwa wiki na huja usiku, bila ratiba. (Kichekesho ni kwamba mtu wetu wa ploti anaitwa keateka, jina ambalo Kiingereza chake ni mtunzaji, na yeye ndiye huja na kufuli kodi ikichelewa.) Ukilala fofofo maji yakija, wiki hiyo utanunua kwa mkokoteni. Mlango unaofuata wangu anaishi mama mmoja na watoto wake wawili. Kazi yake ni kufulia watu nguo, anaitwa huku leo na kule kesho. Kama kawaida namwita kwa jina la kifungua mimba wake, lakini hapa nitasema jirani.

Usiku mmoja, saa nane hivi, alinibishia mlango. "Maji imekuja!" Nilikuwa macho. Nilinyamaza nijifanye nimelala, juu sikutaka mtu anione vile nilikuwa: sijanyoa, sijafua, chumba kinanuka. Asubuhi nilipofungua mlango nikapata mitungi yangu miwili ya lita 20, iliyokuwa imekaa tupu kwa koridoo, imejaa na imefunikwa.

Ningependa kuwaambia nilifurahi. Nilikasirika. Ile hasira ya mtu aliyewekewa mzigo begani bila kuulizwa. Nilianza kupiga hesabu: sasa nitasema nini, nitamrudishia nini, na akianza kunizoea? Kwa siku kadhaa nikisikia mlango wake ukifunguka nasubiri kwanza ashuke ngazi ndiyo nitoke. Maji yake, hata hivyo, niliyaoga.

Nimefikiria sana kuhusu hiyo hasira. Nadhani kizazi chetu tumefundishwa kwamba mtu mzima ni yule asiyehitaji mtu. Kuomoka ni kufika mahali hupigi simu ya kuomba. Kwa hivyo mtu akikufanyia kitu hujaomba, amekushusha, amekukumbusha kwamba bado hujafika. Kwa wanaume ni mbaya zaidi, na sijitetei. Tunaweza kumnunulia beshte chakula bila kufikiri, lakini kununuliwa mara mbili mfululizo kunatuwasha mwili mzima. Tunaita hiyo heshima. Mimi sasa naona ilikuwa kitu kingine. Sikuogopa deni la maji. Deni la mitungi miwili linalipika. Niliogopa kwamba nikisema asante atauliza "kwani unafanya nini siku hizi?", na jibu la kweli lingetoka.

Wiki iliyofuata alibisha tena, mchana. Hakusema lolote kuhusu maji. Alisema, "Kijana, wewe si ni mtu wa masomo? Huyu mtoto amepewa homuwaki na mimi sioni mbele wala nyuma." Mtoto alikuwa Gredi ya 4 na alitakiwa kutengeneza kipimamvua. Mkiwa na ndugu wadogo kwenye huu mtaala mpya mnajua hizi kazi: mtoto anatumwa nyumbani na mradi, na mradi ni wa mzazi. Tulikata chupa ya plastiki ya maji, tukaigeuza shingo iwe kama faneli, tukachora sentimita ubavuni kwa kutumia rula. Ilituchukua saa nzima kwa sababu mtoto alisisitiza mistari iwe nyekundu. Nikiwa bado nimeinama, sahani iliwekwa kando yangu. Ugali, sukuma, na omena. Hakusema karibu. Sahani iliwekwa vile inawekwa kwa mtu wa nyumba, na kwa sababu sikukaribishwa, sikupata nafasi ya kusema nimeshiba.

Kuna ile methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tangu shule ya msingi tumeambiwa inawakanya wageni wavivu. Siku hiyo, nikiwa na omena mdomoni na rula mkononi, niliisikia vingine. Aliyepewa jembe si mgeni tena. Ana kazi kwenye shamba, kwa hivyo ana haki ya chungu. Jirani yangu alinipa jembe. Aliona kwamba kupokea kunanishinda, akanitafutia kwanza kitu cha kutoa.

Nilimuuliza baadaye kama alifanya makusudi. Alicheka. "Makusudi gani? Mtoto alikuwa na homuwaki."

Karibu na wakati huo nililetewa kazi na mwanafunzi wa uuguzi wa huko Marekani: kurasa 6 kuhusu maadili ya kujali. Ndivyo nilivyokutana na Nel Noddings. Alifundisha hesabu shuleni miaka mingi, akalea watoto kumi, na mwaka wa 1984 akatoa kitabu kiitwacho Caring. Wanafalsafa wengi waliomtangulia walipouliza kuhusu wema walimwangalia mtu mmoja: nia yake, wajibu wake, kanuni anayoifuata. Noddings anawaangalia wawili. Kuna anayejali na kuna anayejaliwa, na hoja yake ambayo haikunitoka ni kwamba hilo jambo halijakamilika mpaka huyu wa pili alipokee. Unaweza kuwa na nia safi na ujitoe hadi uchoke, lakini kama upande wa pili hakuna kinachorudi, uhusiano wa kujali haupo bado. Na hicho kinachorudi si lazima kiwe asante. Mtoto mchanga hasemi asante, ananyonya, anatulia. Mwanafunzi anauliza swali lingine. Inatosha.

Niliandika hizo kurasa 6 kwa niaba ya mtu nisiyemjua, nikalipwa, naye akapata alama ya kujua kujali. Naona aibu ya hilo na nitaliacha hapo.

Lakini nilianza kuona "umefika?" kwa jicho lingine. Ni swali dogo kabisa la kujali, na limeundwa hivyo hivyo: nusu moja ni yake, nusu nyingine ni yako. Usipojibu, halipotei hewani. Nilidhani linapotea. Nilidhani nikinyamaza namsaidia mama, simpi uongo, simwongezei wasiwasi. Dadangu ndiye aliniambia, kwa ukali, kwamba hiyo miezi yote mama alikuwa akimpigia saa tano usiku kuuliza, "Amekujibu wewe?" Kumbe nusu yangu kuna mtu alikuwa akiibeba. Aliibeba mama kitandani Bungoma, akaibeba dadangu Rongai baada ya kusimama dukani siku nzima. Mimi nilikuwa nimeitua tu, nikaita huko kuitua kutosumbua watu.

Sasa, kuna mtu atasema, na atakuwa na haki: si kila anayeuliza anajali. Wengine wanachunga. Kuna wapenzi wanaotaka lokesheni yako mubashara, kuna wazazi ambao "umekula?" yao ni mlango wa kuingia kupekua. Sikatai. Mimi huwa nasikiliza swali lenyewe. "Umefika?" ukilijibu linakwisha. "Uko wapi?" ukilijibu linazaa: na nani, hadi saa ngapi, mbona nasikia sauti. La kwanza linataka wewe uwe salama. La pili linataka muulizaji awe na amani, na amani yake haijai kamwe. Kupokea si kumfungulia kila mtu. Unaruhusiwa kufunga mlango, mradi usijidanganye kuhusu unayemfungia.

Na kuna watu ambao hili swali halijawahi kuwa dogo kwao. Nilikuwa nikiliona kama adabu hadi dadangu aliponionyesha simu yake. Yeye na wenzake wa dukani wana kikundi chao, na kila usiku ni namba za usajili za magari na "nimefika," "nimefika," "nimeingia." Moja isipokuja, hakuna anayelala. Tarehe 27 Januari 2024 wanawake walijaa barabara za Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, na dadangu alikuwa huko. Kwao "nimefika" ni taarifa kwamba mtu yuko hai. Mimi nilikuwa na bahati ya kuiona ni kero.

Halafu kuna suala la nani anafanya hii kazi. Ukirudi nyuma usome hii makala utaona: mama, dada, jirani. Wote wanawake, na katikati kijana mmoja wa kiume anajifunza kupokea, hongera kwake. Utafiti wa serikali wa mwaka 2021 kuhusu matumizi ya muda ulionyesha kwamba wanawake Kenya hutumia karibu mara 5 ya muda wa wanaume kwa kazi za nyumbani na za kutunza watu zisizolipwa. Kwa hivyo nikisema "jifunzeni kupokea," sisemi na jirani yangu. Yeye shida yake ni nyingine, nitaifikia.

Pesa nitaipita haraka. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, matangazo yake yaliwaambia watu watume pesa nyumbani, yaani aliye mjini amtumie aliye kijijini. Kwetu mshale uligeuka. Mama alikuwa akinitumia shilingi 300, wakati mwingine 200, bila kupiga simu wala kuandika. Nilizitumia na sikujibu. Ukiniuliza ni lipi kati ya hayo yote linaniuma hadi leo, ni hilo la 200.

Nilimwambia Jumapili moja mchana. Sikuwa nimepanga. Alipiga, nikashika, nikasema, "Mama, mimi siko chuo. Niliacha mwaka jana." Kimya. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akipita akimsalimia, naye akamjibu yule mtu vizuri kabisa. Kisha akaniuliza, "Kwa hivyo hayo magunia ulikuwa unakula?"

"Ndiyo, Mama."

"Yote?"

"La pili maharagwe yaliingia wadudu kidogo. Nilichelewa kulichukua."

Hapo ndipo alipokasirika. Si kwa chuo, kwa maharagwe. Alinigombeza kuhusu maharagwe dakika kumi nzima, vile aliyachagua moja moja, vile aliyaanika, kisha akakata simu. Hakunipigia kwa wiki mbili. Sitawadanganya kwamba baadaye tulilia tukakumbatiana. Hadi leo mtoto wa mtu akihitimu kule kwetu lazima nitumiwe picha, bila maelezo. Lakini alipopiga tena swali lake la kwanza lilikuwa, "Huko unakaa, unakaa na nani?" Alikuwa hajawahi kuniuliza, kwa sababu mwanafunzi alikuwa akikaa hosteli. Nikamwambia kuhusu jirani na maji ya saa nane.

Mwezi uliopita mzigo ulikuja. Jina langu, namba ya simu, na chini yake, pale pa MWANAFUNZI, aliandika tu ZIMMERMAN. Ndani kulikuwa na makopo mawili ya njugu badala ya moja, na la pili lilikuwa limefungwa kwa mfuko mweusi. Nikampigia. "Hilo si lako," akasema. "Ni la mama wa maji."

Nikabisha mlango wa jirani na lile kopo mkononi. Akalitazama, akajipangusa mikono kwa leso, akarudi nyuma hatua moja.

"Aki hapana. Mamako amekutumia wewe. Kula tu, mimi niko sawa."

"Ni lako. Amesema ni lako."

"Mwambie asante, lakini kaa nayo. Sisi tuko sawa kabisa."

Tulisimama hapo, yeye kwa mlango, mimi kwa koridoo, hadi mtoto wa kipimamvua akapita chini ya mkono wake, akanipokonya lile kopo, akaenda kukaa nalo kitandani.

"Ona sasa," jirani akasema. "Haya. Ingia basi, chai iko."